Bakuli Nililolifunika kwa Kawa

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka huona haya kana kwamba ni ya jana. Nilikuwa mwalimu kijana, miaka ya tisini ndiyo kwanza inaanza, nikifundisha sekondari ya wasichana hapa kisiwani Mombasa. Nilijiona najua kila kitu. Ujana bwana!

Mwalimu mkuu alinikabidhi siku ya mila. Kila mwanafunzi alete chakula cha kwao, wazazi na wageni waje waonje. Tulikuwa na watoto wa kila namna: Wahindi, Waarabu, Wakamba, Wamijikenda, na wale wa Mji wa Kale kama mimi, tuliojiona ndio wenye mji. Meza nikaipanga mwenyewe. Pilau yetu, bila shaka, nikaiweka katikati.

Kadzo, msichana wa kidato cha tatu, Mgiriama anayekaa mtaa wa Buxton, alileta sima na bakuli la mtsunga, mboga ya majani machungu wanayoipenda kwao. Alikuwa ameamka alfajiri kuipika na mama yake. Nikaitazama ile mboga, nyeusi tii, na wageni wako mlangoni. Nikachukua kawa, kile kifuniko cha kusukwa, nikalifunika bakuli, nikalisukuma nyuma ya mabirika ya chai. Nilidhani namsitiri mtoto, asije akaaibika chakula chake kikibaki.

Hakuna aliyelifunua. Kadzo alisimama pale mpaka wageni wakaisha, akabeba bakuli lake limejaa vilevile, akaenda zake. Jumatatu hakuja shuleni. Jumanne hakuja. Jumatano rafiki yake akaniambia Kadzo ameapa harudi tena, na mamake amembembeleza mpaka amechoka.

Nikafika nyumbani Ndia Kuu, Mji wa Kale, nimenuna. Nikamweleza mama yangu, nikitaraji anionee huruma. Akaacha kuchambua mchele.

"Ulikionja?"

"La, mama."

"Kawa twafunikia chakula ili mtu akikute na heshima yake. Wewe umemfunika mtoto wa watu. Vaa buibui lako, wende Buxton sasa hivi."

"Mimi mwalimu, mama. Nitamwombaje radhi mwanafunzi?"

"Kwa mdomo uo huo."

Basi nikavaa buibui, nikaenda. Mama yake Kadzo, muuguzi, alikuwa ndiyo kwanza atoka kazini. Alinikaribisha kwa adabu, lakini uso haukucheka. Nikamwambia Kadzo mbele yake: "Nilikuonea haya, na wewe hukuwa na lolote la kuonewa haya. Nimekukosea. Niwie radhi." Kisha nikaomba nipakuliwe mtsunga.

Nikala. Wote wawili wananitazama.

"Mtsunga ukoje, mwalimu?" Kadzo akauliza.

Ningeweza kumdanganya. Roho haikunipa. "Mchungu," nikasema.

Akaangua kicheko, cha kwanza tangu niingie. "Hata mimi nilipokuwa mdogo niliukimbia! Usiule mtupu, mwalimu, ule na sima." Akanimegea tonge kwa mkono wake. Nikala, nikaongeza, na machozi yakanitoka mbele ya mwanafunzi wangu. Sikuyaficha.

Alhamisi Kadzo alikuwa darasani, kiti cha mbele. Mwaka uliofuata nilimwachia yeye apange meza. Akaamuru kila chakula kiwe wazi, na aliyekileta asimame amwonyeshe mgeni namna kinavyoliwa. Pilau yetu aliiweka mwisho wa meza, yule mtundu, na bado iliisha.

Basi nakuusia, mwanangu, wewe unayekwenda kukaa darasa moja na watoto wa kila kabila na kila dini. Usimwonee mtu haya kwa kitu ambacho yeye anakipenda. Usimfiche kwa kisingizio cha kumsitiri; mwulize kwanza. Onja chake, na kikikushinda, sema kwa adabu, maana rafiki wa kweli hataki umsifu uongo. Nawe mwonjeshe chako bila kujitia mkubwa. Na ukimkosea, usitume watu wakuombee radhi. Nenda kwao mwenyewe, hata kama wewe ndiye mwalimu.

Mungu akupe moyo mpana, mwanangu. Akujaalie marafiki katika nyumba za kila namna, na kila mlango utakaopigia hodi, uambiwe karibu, nawa mikono ule.