Tuta Ambalo Sikulifikia

Nakumbuka asubuhi moja ya mwanzo wa msimu, mwanangu, na kama ningeweza kuisahau ningeshukuru. Nilikuwa kijana mwenye nguvu na sifa nyingi. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa na kazi ya kufungua lango la maji ya mpunga hapa kwetu Usangu.

Mto ulikuwa umejaa, na watu walitaka majaruba yote ya mpunga yapate maji siku ileile. Hata leo mnalalamika hivyohivyo, mnaupiga picha mto kwa simu na kuuliza kamati ya maji inangoja nini. Inangoja mfereji uzibuliwe majani na tope. Inangoja matuta yaliyojengwa upya kiangazi yashikamane, na majaruba yasawazishwe, maana shamba lenye mabonde na vilima linakunywa maji ya watu watatu. Mto kujaa peke yake hakutoshi.

Mjomba alikuwa na desturi yake. Kabla ya kufungua, alikuwa akivua viatu na kutembea juu ya tuta la mfereji mkuu, kutoka langoni hadi mwisho kabisa. Unyayo ukizama, hafungui, mtukaneni mpendavyo. Mwaka ule alishikwa na homa, akanituma mimi.

Nilivaa mabuti. Nilifika nusu ya njia, jua likanichoma, nikageuka. Langoni watu walikuwa wananisubiri kwa vigelegele, nami nilivipenda.

"Umefika mwisho?" mjomba akaniuliza akiwa kitandani.

"Nimefika, mjomba. Pagumu kabisa."

"Haya, kafungue."

Tuta likakatika kulekule nisikofika. Maji yakavamia kitalu cha dada mmoja jirani, Tuponile, mjane mwenye watoto wanne, yakabeba miche yake yote. Mbegu nyingine hakuwa nayo. Msimu ule hakupanda hata jaruba moja, akahamia Mbalizi na wanawe, na sijui walikula nini huko. Kamati ikamvua mjomba kazi, ikasema uzee umemharibu. Nilikuwepo kwenye kikao. Nilikaa kimya, mwanangu, na wale waliokuwa wakinipigia vigelegele ndio walionyoosha mikono kwanza aondolewe.

Mjomba alijua. Aliniambia mara moja tu: "Ungesema umechoka, ningeenda mwenyewe na homa yangu." Hakulirudia neno hilo mpaka tunamzika. Hasira niliyonayo juu yangu haijapoa hadi leo.

Basi usiwaharakishe watu wa lango kwa kuwa umeona mto umejaa. Shika jembe ukazibue mfereji, hasa wa wale walio mwisho, maana wao ndio wanaoumia kwanza. Na ukitumwa kukagua kitu usikikague, kiri mapema, kabla mwenzako hajalipia uongo wako. Mungu akujalie msimu mwema, akupe na ujasiri ambao mimi sikuwa nao siku ile.