Mama Mikebuka Arudi Mahakamani

Kwa miaka saba Blandine Kyungu hakuivaa toga yake ya uwakili. Ilining'inia nyuma ya mlango wa chumba, ndani ya mfuko wa plastiki, na kila alipoipangusa vumbi alijiambia kwamba mwakani atarudi kazini. Mwakani huo haukuwa na haraka. Watoto walikuja wakifuatana, kisha mama mkwe wake, Mama Florentine, akapooza upande mmoja, na wa kumgeuza kitandani alikuwa Blandine. Ili nyumba ipate kula, wakili wetu akashuka ufukweni kuuza mikebuka, wale samaki wembamba wa ziwani ambao bila wao watu wa mji wa Kalemie hawajui chakula ni nini. Baada ya muda hakuna aliyekumbuka kwamba aliwahi kuitwa Maître, jina la heshima la mawakili. Alikuwa Mama Mikebuka, basi.

Tusimwonee huruma kupita kiasi, maana huko ufukweni alinenepa na alicheka sana. Tena alipata kazi ambayo hakuiomba: wauza samaki walipogombana, waliletwa kwake. Kanuni yake ilikuwa moja, na watu wa pale waliizoea mpaka ikawa desturi yao. Huruhusiwi kusema shida yako kabla hujaeleza shida ya mwenzako, tena uieleze vizuri, mpaka yeye mwenyewe aseme, "Njo vile," yaani ndivyo hasa ilivyo. Hapo inakuwa zamu yake, naye anaeleza ya kwako. Ugomvi mwingi uliishia katikati, kwa kuwa ni vigumu kumtukana mtu ambaye umetoka kumsemea.

Mama Florentine ndiye aliyemtoa huko. Siku alipoweza kutembea peke yake hadi uani, alimwita mkwewe.

"Miye nimepona," alimwambia. "Sasa weye njo mugonjwa. Rudia kazi yako, mutoto wangu, mende hawajakula ile nguo."

Chama cha mawakili kikampokea tena. Fundi akaongeza kitambaa ubavuni mwa toga, cheusi kweli, na hapo ndipo ilipoonekana jinsi toga yenyewe ilivyopauka. Mteja wa kwanza alipatikana palepale ufukweni. Mama Rosalie, jirani yake wa biashara, alikuwa amepoteza mahali pa kukaushia samaki. Ziwa lilipanda, likameza mchanga pamoja na nguzo za vichanja vyake. Liliposhuka, akakuta mvuvi mmoja, Papa Firmin, amepanga mitumbwi yake hapohapo na kudai kwamba pale hapana mwenyewe. Bila mahali pale Rosalie hakuwa na kazi. Blandine naye alijua kwamba akiharibu kesi hii ya kwanza, hakuna atakayempa ya pili, na toga itarudi nyuma ya mlango moja kwa moja.

Siku ya kesi mumewe, Josias, alimpeleka kwa pikipiki.

"Hii toga inanuka mikebuka," alisema Josias walipokuwa wakipanda kilima.

"Na weye uliyekula ile mikebuka miaka yote, unanuka nini? Endesha."

Hakimu alikuwa mgeni mjini, mtu mpole mwenye miwani. Aliruhusu kesi isikilizwe kwa Kiswahili badala ya Kifaransa, ili wenyewe waelewe. Akaitazama ile toga ya weusi wa aina mbili, akamtazama na mwenye toga.

"Mama, tunakusikiliza," akasema.

Mama! Hata Maître hakuitwa. Upande wa pili alikaa Delphin, wakili wa Firmin, kijana aliyenyooka kila mahali, kuanzia kola hadi viatu. Blandine akasimama. Hoja alizozikariri wiki nzima zikamruka zote, na ulimi ukashika njia uliyoizoea.

"Mheshimiwa Hakimu, ziwa lilipopanda liliingia kwanza kwa Papa Firmin. Lilibomoa nyumba, likabeba nyavu. Mitumbwi iliyobaki aliifunga kwenye miti, akawa anaisikia ikigongana. Maji yaliposhuka alitafuta pakavu popote. Hakutaka kumunyang'anya muntu. Aliogopa kupoteza hata hiyo mitumbwi."

Delphin akaweka kalamu chini. Yote aliyokusudia kuyasema yalikuwa yamekwisha kusemwa, tena vizuri kuliko alivyoyapanga. Rosalie akavuta mkono wa toga.

"Mama Mikebuka," akanong'ona, "ule njo mupinzani wetu."

Ndipo Blandine alipogundua alichokifanya.

"Mama," akauliza hakimu, "hapa unamtetea nani?"

Watu wakaangua kicheko. Blandine alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na toga yake. Lakini katika kicheko kile Firmin alikuwa amesimama, macho yamemlowa.

"Njo vile," akasema.

Delphin alimvuta koti ili aketi. Firmin akajinasua.

"Niache, ni zamu yangu. Mheshimiwa, Mama Rosalie alianza kukausha samaki pale tangu mume wake akiwa muzima. Zile nguzo, miye njo nilimusaidia kuzisimika. Ziwa limezibeba, lakini najua zilikuwa wapi. Sasa anafika asubuhi, anakuta mitumbwi imekalia kazi yake, na mwenye mitumbwi ni muntu aliyemuzoea kama ndugu. Hanisalimie tena. Ana haki."

Rosalie akapangusa pua kwa ncha ya kitenge.

"Njo vile," akasema.

Hakimu akamtazama Delphin, naye akainua mabega tu. Firmin akaahidi kuondoa mitumbwi kabla ya Jumapili. Rosalie akasema kwamba upande wa ufukwe wenye mawe yeye hautumii, Firmin anaweza kuiweka huko. Karani akaandika mapatano hayo, na wote wawili wakaweka sahihi.

"Maître," akasema hakimu, "siku nyingine uanze na mteja wako. Sasa keti."

Blandine akabaki amesimama. Akageuka kumwangalia Delphin, akishangaa kwa nini kijana wa watu haketi anapoambiwa. Delphin alikuwa ameketi zamani.

"Maître Kyungu," akarudia hakimu, "ni wewe ninayekuambia."

Akaketi kwa kishindo. Mshono wa fundi ukaachia ubavuni, watu wakausikia, na yeye hakujali hata kidogo.