Jumamosi za Perlita

Nilikuwa kanisani nikibandua nta kwenye vinara Luding, mwandishi mwenzake dada yangu Perlita, aliponipigia simu kutoka kwetu. "Dada Ising, njoo nyumbani. Njoo sasa hivi." Nikamuuliza kama Perlita ameanguka tena. Akaanza kulia. Nikafanya ishara ya msalaba. Nilimkuta dada yangu amelaza kichwa mezani, ameshakufa, karatasi imeganda shavuni. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Kwa miaka ishirini Perlita aliandika hadithi za mapenzi, vile vitabu vidogo vya vibandani hapa mjini kwetu Malabon. Hakuna hata kimoja chenye jina lake. Mchapishaji aliwabandika waandishi majina ya kubuni, na majina yalikuwa mali yake. Ukiondoka, jina anapewa mwingine. Malipo ni mara moja tu, hata kitabu kichapwe mara kumi.

Miaka mitatu iliyopita aliwaita wenzake watano sebuleni kwetu, wakaunda chama. Kila mtu jina lake jaladani, kila ukurasa malipo sawa, kila Jumamosi, kitabu kiuzwe kisiuzwe. Wakaapa kutomwandikia tena yule mchapishaji.

"Kisipouzwa tutakula nini, wino?" aliuliza Badong, mmoja wao.

"Kwa tumbo hilo, Kaka Badong, hata kalamu hazitabaki," Perlita alimjibu.

Walicheka sana. Na kweli, haikupita Jumamosi bila Perlita kuwalipa.

Siku ya pili ya msiba, jeneza likiwa sebuleni, alikuja karani wa mchapishaji na shada la maua. Alitoa pole, kisha akaniinamia.

"Samahani, dada. Zimebaki sura mbili. Alisema atamaliza kabla ya Pasaka."

"Sura za nini?"

"Za kitabu chetu. Ni cha kumi na tisa tangu aturudie."

Badong alisikia. Akasimama, kiti kikaanguka.

"Alituapisha! Sisi tumeapa, yeye huku..."

"Punguza sauti, maiti iko hapo," Luding alimwambia. "Na wewe ulidhani zile pesa za Jumamosi zinatoka wapi? Mbinguni?"

"Kwa hiyo vitabu vyetu haviuzwi?"

"Vinarudi kwa maboksi. Viko chini ya kitanda chake."

"Ulijua?"

"Nilishuku. Nina watoto watatu, kaka. Sikuuliza."

Badong aliketi sakafuni. Mimi nami, kila alfajiri nilimpelekea Perlita kahawa, nikamkuta anaandika, macho mekundu, miguu imevimba. Nikaenda Misa kumwombea afya. Sikuwahi kumuuliza anaandika nini. Mungu anisamehe.

"Tumemla mzima mzima," Badong alisema baadaye. "Mimi naishia hapa."

Niliwasihi wangoje hadi tumalize siku tisa za sala za kumwombea marehemu. Hawakutaka. Wakafunga chama palepale mbele ya jeneza, wote watano, bila kubishana. Wawili walishamuuliza karani kama kuna nafasi.

Tulimzika Ijumaa asubuhi. Badong na wenzake walibeba jeneza. Padre alinyunyiza maji ya baraka. Nilikata rozari iliyokuwa mikononi mwa Perlita ili kifo kisitufuate wengine, tukafunika jeneza. Waliliingiza kwenye kaburi la ukutani, fundi akaziba kwa matofali na saruji. Tulisali Baba Yetu na Salamu Maria kumi. Jua lilikuwa kali, tukaondoka.