Ubani wa Chupa za Fumba

Walisema sitofika. Kwenye baraza ya mtaa wetu, Ng'ambo, wanywaji kahawa walinicheka usoni.

"Mtoto wa muuza vitumbua anakwenda Bombay kusoma bahari!" alisema mmoja wao, seremala. "Bahari si hiyo hapo? Ashuke Forodhani aisome bure."

Mwengine akadakia kwamba nitarudi na kikohozi tu.

Nilirudi na diploma. Nasema bila haya, maana mtaa ule hakuna aliyekuwa nayo kabla yangu, na nauli yangu haikutoka serikalini wala kwa tajiri yeyote. Mama aliizungukia mlango kwa mlango, akikopa kwa jina lake, mpaka ikatimia.

Nikapata kazi katika maabara ndogo Mji Mkongwe, ghorofani. Tulichunguza vijidudu vya baharini, visivyoonekana kwa macho, ambavyo huozesha samaki na majani yaliyokufa na kuyarudisha majini yawe rutuba. Visingekuwapo, kusingekuwa na dagaa wala changu. Kazi hiyo tuliigawana na watu wa mbali. Mkuu wangu alikuwa Mhindi aliyenifundisha Bombay, na alikuwa akiandikiana barua na wataalamu wa Denmark. Walikubaliana kwamba siku moja, mara moja tu kwa mwaka, Bombay, Denmark na Unguja wachote maji kwa chupa za namna moja, kisha matokeo yawekwe pamoja katika jedwali moja. Kwa upande wetu maji yangechotwa pwani ya Fumba, na mchotaji ni mimi.

Chupa zilichemshwa zisibaki na kijidudu chochote, zikazibwa kwa pamba na karatasi. Hazikutakiwa kutoka maabara mpaka asubuhi ya safari. Mimi nilizitoa siku moja kabla, kwa sababu nilitaka baraza izione. Nikapita taratibu na sanduku langu, na waliponiuliza nikawajibu kwa sauti kwamba maji yatakayotiwa humu yanasubiriwa na wakubwa wa Ulaya.

Mama alinisikia. Nilipoliweka sanduku ukumbini akauliza, "Watayanywa, baba?"

"Mambo haya huyawezi, mama," nikamwambia, nikatoka zangu kwenda msikitini.

Kesho yake nilichota Fumba chupa zote, nikizifungua chini ya maji kama nilivyofundishwa. Alasiri, maabara, mkuu wangu akafungua ya kwanza, akaisogeza puani. Akafungua ya pili, na ya tatu.

"Hii harufu ya nini?"

Sikuwa na haja ya kunusa sana. Hakuna nyumba Unguja isiyoijua. Nilipokuwa msikitini mama alikuwa amezifungua chupa, akazifukiza ubani moja moja juu ya chetezo, kama alivyofukiza mtungi wa maji kila tulipokuwa na wageni, kisha akarudisha pamba na karatasi kwa mkono mzuri kuliko wangu. Moshi ule, unaoua vijidudu, ulikuwa umeharibu kila kitu, na siku ile isingerudi mpaka mwaka mwengine.

"Ni mama yangu," nikasema. "Mtu wa zamani, hajui kitu."

Mkuu wangu aliniangalia. "Na chupa zilimfikiaje?"

Nikazikusanya chupa, nikazimwaga. Jedwali lilikwenda Denmark na mstari wa Unguja mtupu.

Nilipofika nyumbani nilimfokea mama mbele ya jirani yetu, bibi wa mlango wa pili. "Umeniharibia kazi yangu! Nani alikutuma?"

"Maji ya wageni, baba, hayaendi bila ubani," alisema, polepole, akijifuta mikono kwa kanga.

Tangu siku ile hakufukiza mtungi wetu tena. Nikichota maji, yalikuwa maji tu. Nilingoja aanze tena ili nami nipate la kumwambia. Hakuanza. Mwaka haujaisha akashikwa na homa, na siku ya nne tukamzika.

Pale makaburini nilisimama, kama inavyompasa mtoto, nikatangaza kwamba anayemdai marehemu aje kwangu. Wakaja wale aliowakopa nauli yangu: mwenye duka la unga, shangazi yangu kutoka Chukwani, na yule seremala wa barazani. Kumbe na yeye alimkopesha mama, kwa siri. Niliwalipa wote siku moja, mchana, mlango wazi, kwa mshahara wangu mwenyewe, na nilitaka mtaa mzima uone.

Walipokwisha kuondoka, akaingia bibi wa mlango wa pili. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Na mie nnamdai, lakini naona haya kusema."

"Sema, bibi. Nalipa."

"Vipande vitatu vya ubani maka, ule mweupe mzuri. Alikuja kuazima siku ile ya chupa zako. Wake ulikuwa ule wa kila siku, akasema hauwafai wakubwa wa mwanangu."

Nilikwenda sokoni Darajani kwa miguu, nikanunua ubani mweupe kuliko wote, fungu zima, nikampelekea. Akachagua vipande vitatu, akanirudishia fungu.

"Deni ni hili tu," alisema.

Hapo ndipo nilipomaliza kulipa. Vilivyobaki nilivipeleka nyumbani, nikaviweka ndani ya chetezo cha mama, kando ya mtungi. Kufukiza sijui. Sikuwahi kumwomba anifundishe.