Meno Yaliyochongwa

Jumamosi iliyopita, kanisani kwetu hapa Kabati, mzee wa kanisa alikuwa akiandika majina ya watakaobatizwa. Mama mmoja mwenye mvi alipofungua kinywa kutaja lake, mzee aliweka kalamu chini. Meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa ncha, kama ilivyokuwa desturi yetu Wakamba zamani.

"Mwaitu, mama yangu, hayo ni mambo ya giza. Mkristo ni mtu mpya. Nitakuandikaje na alama hiyo?"

"Yataota tena, mwanangu?"

"Hayawezi."

"Basi niambie. Bwana alipofufuka, mikononi alikuwa na nini?"

"Alama za misumari."

"Mtu mpya, na alama za zamani," alisema mama. "Rafiki zake walimjua kwa hizo."

Mzee alichukua kalamu, akaandika jina la mama polepole, herufi kwa herufi.

Chuo kikuu nilisoma dini miaka mitatu bila kufundishwa hilo. Tangu nimzike mke wangu, nimeogopa kwamba huko aliko amefanywa mpya mno, nisimjue. Naye alikuwa na meno kama hayo. Sasa natumaini nitamjua akicheka.