Chumba Tulichokiita Kaburi

Nani anapanga nyumba yenye chumba kisicho na dirisha hata moja, halafu analipia miezi sita mbele, kwa dola? Nilijiuliza swali hilo miaka ya vita ya pili ya Kongo, nikiwa nimekaa juu ya kreti tupu uani kwa shangazi yangu, na sikupata jibu, mimi niliyejiona nina jibu la kila kitu. Nilikuwa nimesoma sosholojia Bukavu miaka miwili. Watu wenye bunduki walipoiziba barabara ya Luberizi, ile ya kurudi chuoni, nikabaki Uvira na madaftari mawili na dharau nyingi.

Shangazi alikuwa amepanga nyumba ya zamani karibu na barabara kubwa, akaifanya baa. Alikuwa na orkesta yake: magitaa mawili, seti ya ngoma tuliyoiita batri, yenye ngozi iliyoshonwa mara mbili, na mwimbaji ambaye asubuhi alifundisha hesabu shule ya msingi. Kwa kuwa wanajeshi hawakutaka kumwona mtu njiani jua likishazama, watu wetu walicheza dansi saa sita mchana. Mama mmoja alitoka sokoni na beseni lake la samaki, akalisukuma chini ya meza, akacheza nyimbo mbili, akalichukua, akaenda kupika. Padri alisema kwenye mahubiri kwamba ni aibu kucheza wakati wa vita. Nilimsubiri nje ya kanisa nimwambie kwamba aibu ni vita yenyewe. Nilipenda tu kubishana na mapadri. Kucheza, mwenyewe sikujua.

Mazoezi yalifanyika kwenye chumba cha nyuma. Jirani yetu alikuwa katekista, na alilalamika kwamba watoto wake wa ubatizo wanajibu "Nani aliyekuumba?" kwa mdundo wa rumba. Ili amani iwepo, shangazi aliziba madirisha yote mawili kwa matofali, akapigilia magodoro chakavu ukutani. Sauti ikabaki ndani, pamoja na joto. Mpiga batri alikiita chumba hicho Kaburi, kwa sababu, alisema, ukiingia unatoka siku ya ufufuo.

Kisha mashirika ya misaada yakaja na magari meupe yenye antena ndefu. Wenye nyumba ambao miaka yote walikuwa wakibembeleza wapangaji wakaanza kupaka rangi kuta. Baa ya kule bandarini ikawa stoo ya mablanketi. Ile iliyokuwa na sakafu nzuri kuliko zote ikawa ofisi ya kufundishia watu kuishi kwa amani, kazi ambayo ile sakafu ilikuwa ikiifanya tayari, bila semina. Kwenye avenyu yetu orkesta ilibaki kwa shangazi peke yake. Yeye alikuwa mjane, na sisi watu saba tulikula kutoka kwenye sufuria ya baa ile.

Jumamosi moja mwenye nyumba, aliyekaa mtaa wa Songo, alituma ujumbe: wiki hii mtu atakuja kuangalia nyumba. Basi, hakuna zaidi. Shangazi aliacha maharage yaungue. Nilimwambia asihangaike, huyo mtu aniachie mimi.

Jumanne akaja. Hakuwa hata mzungu. Kifaransa chake kilikuwa cha Kinshasa. Shati ndani ya suruali, kadi shingoni, daftari kwapani. Alisimama kaunta akifuta jasho, na kabla hajafungua kinywa nilikuwa nimeshamshika mkono. Nilimwonyesha bati linalovuja. Nilimwonyesha choo, nikamwacha humo kidogo ili akielewe vizuri. Nilimweleza habari za panya kama mtu anayeeleza ukoo wake. Alinifuata kwa adabu, haandiki kitu.

Mpiga batri akanong'ona, "Mupeleke mu Kaburi."

Niliona hiyo ndiyo karata ya mwisho. Nilifungua mlango, nikamwambia: tazama bwana, hewa hakuna, mwanga hakuna, nani atafanya kazi humu? Akaingia. Akagonga ukuta kwa kidole. Akakaa humo muda mrefu kuliko alivyokaa kwingine kote, na kwa mara ya kwanza akafungua daftari. Aliuliza unene wa ukuta. Nilijua: matofali safu mbili. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba mwezi uliopita risasi iligonga ukuta huo kwa nje na mpiga batri hakupoteza pigo hata moja. Nilijivunia sana sentensi ile. Akauliza mwenye nyumba anakaa wapi. Nikamwelekeza, na kumwonya kwamba ni mtu mgumu.

Alirudi kaunta, akanywa soda, akalipa, akashukuru. Nilimwambia shangazi kwamba huyo harudi tena.

Alhamisi akaja mwanaume mwingine, na ngazi begani, akisema ametumwa kuangalia bati. Shangazi alimfukuza: "Ambia bazungu bako, minye niko hapa." Yule akasema hajui mzungu yeyote, akaondoka na ngazi yake.

Wiki iliyofuata karatasi ya mwenye nyumba ikafika: tuhame, amepata mpangaji wa dola, shirika la yule bwana wa daftari. Shangazi aliniita.

"Weye, ulimuonyesha nini ule muntu?"

Nikamweleza yote, hadi ile risasi. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge, na sikujua ni machozi ya aina gani.

"Kama hukusoma," alisema, "ungemuletea tu kiti."

Watu wa shirika walijenga ukuta mrefu kuzunguka ua, wakapachika juu yake vipande vya chupa zetu wenyewe. Mpiga batri akawa mlinzi wa geti, akawa anapiga mdundo kwa vidole kwenye bati la kibanda chake. Gitaa la kwanza lilihamia kanisa la uamsho, vidole vilevile, maneno mengine, na sauti juu zaidi, maana Roho hana jirani katekista. Katekista wetu mwenyewe aliandika barua kulalamikia jenereta. Alijibiwa kwa barua yenye mhuri. Shangazi alianza kuuza mchele uliotoka Kiringye kwa vikombe sokoni, na hakucheza tena saa sita mchana, maana hiyo ndiyo saa ya wateja.

Miaka mingi baadaye, mimi nami nikiwa na kadi shingoni, nilikutana na yule bwana kwenye mafunzo Bujumbura. Aliikumbuka Uvira: joto, na msichana aliyeongea bila kupumua. Alinieleza kwamba kanuni zao ziliwataka wawe na chumba cha kujifichia risasi, na kwamba asubuhi ile alikuwa ameshachagua nyumba nyingine, wakajenge chumba hicho huko. Mwenye nyumba wetu hakuwa amemtuma, wala hakumjua. Aliyetumwa, nikaelewa, alikuwa yule wa ngazi. Nyumba ya shangazi haikuwa kwenye orodha ya bwana huyu. Alikuwa amesikia gitaa kutoka barabarani, akaingia kunywa soda.