Nilikataza Picha ya Nyumba, Nikaadhibiwa kwa Ajili Yake

(Jina la mwandishi na la shule yake tunayo. Tumeyaficha kama alivyoomba, na jina la mwenzake tumelibadilisha. – Mhariri)

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu hamjambo.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma darasa la saba hapa Korogwe. Wazazi wangu wanalima Makuyuni. Mimi nakaa Manundu kwa mama mdogo ili niwe karibu na shule. Nimefundishwa kwamba mtu asiandike barua akiwa na hasira. Nimengoja hasira itulie, haitulii, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Kisa chenyewe ni ramani. Tangu uchaguzi uliopita familia nyingi zimehamia vijiji vya ujamaa, na wengi hawajui safari hii watapigia kura wapi. Bwana Tarafa akaiomba shule yetu ichore ramani za vituo vya kura, zibandikwe pamoja gulioni. Kila kundi lilipewa sehemu yake: Manundu, Makuyuni, Lutindi. Kwa kuwa gulio letu linakusanya na watu wa Handeni, shule moja ya huko ikachora za kwao. Mwalimu wetu wa jiografia alinichagua mimi niangalie alama ili ramani zote zifanane. "Mtu akishaisoma moja," alisema, "awe amezisoma zote." Maneno hayo niliyapenda sana. Siku ile nilitembea mpaka nyumbani nikiyarudia.

Nilichora ufunguo wa ramani kwenye karatasi ya manila nikaubandika ukutani, na mwingine kama huo ukapelekwa Handeni kwa basi. Kituo cha kura ni duara jeusi. Kisima ni tone la buluu. Shule ni pembetatu. Chini nikaandika kwa wino mwekundu: hakuna kuchora nyumba, hakuna kuchora jembe. Wote mnajua sababu. Wagombea wetu wa ubunge ni wawili, mmoja alama yake ni jembe na mwingine nyumba, na wazee wasiojua kusoma wanachagua kwa kutazama picha hizo. Ramani yenye nyumba inamfanyia mtu kampeni.

Darasa lilicheka. Zaina wa kundi la Lutindi, ninayekaa naye dawati moja, akasema, "Nyumba marufuku? Basi watu wa Lutindi wanalala juu ya miti kama mbega?"

"Wawekee nukta," nikamwambia, "walale kwenye nukta." Mimi pia nilicheka.

Ramani za Handeni zilikuja safi, duara kwa duara, utadhani nimezichora mwenyewe. Iliyonishtua ni ya Zaina. Kila kituo cha kura alikichorea kijumba cha bati chenye mlango na dirisha, na pale kwenye misheni ya zamani akaweka kikubwa chenye maua mbele. Kilipendeza, sikatai. Nikachukua kifutio. Zaina akanidaka mkono.

"Usiguse! Umekuwa mkoloni wewe?"

Tukaenda mbele kwa mwalimu, darasa zima likisikiliza. Mwalimu akaitazama ile ramani akatabasamu. "Hii ndiyo itakayovuta macho ya watu. Mwachie."

"Lakini mwalimu, nyumba ni alama ya mgombea."

"Mtoto una ukaidi wewe! Gulioni nani atatazama hilo? Nenda kakae."

Nikaenda nikakaa.

Siku ya gulio mzee mmoja alisimama mbele ya ramani ya Lutindi akaigonga kwa bakora yake. "Eti kila penye nyumba ndipo pa kupigia kura. Na sisi wa jembe tukapige wapi, shambani?" Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mwingine akapaza sauti, "Hata watoto wa shule wamekwisha nunuliwa!" Kabla ya adhuhuri Bwana Tarafa alikuwa amebandua ramani zote, pamoja na zile za Handeni ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Kesho yake mstarini, Mwalimu Mkuu aliuliza nani alikuwa mwangalizi wa alama. Mwalimu wangu akaninyooshea kidole. "Ni huyu. Nilimwachia kila kitu."

Nilimtazama. Yeye akatazama mlingoti wa bendera. Nikamtazama Zaina, naye akatazama miguu yake. Darasa zima lilisikia lile "nenda kakae", na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo! Mwalimu Mkuu akatangaza kwamba ripoti yangu ya tabia, ile inayokwenda pamoja na mtihani wa kuingia sekondari, itaandikwa kwamba siaminiki kwa kazi ya umma. Huko Makuyuni baba akipita wanamwita Mzee Nyumba. Baba yangu, ambaye hata mama hajamwambia kura yake atampa nani!

Juzi mwalimu aliniita pembeni. "Vumilia, mwanangu. Wakinifukuza mimi, watoto wangu watakula nini? Wewe bado mdogo, watu watasahau." Kisha akanipa manila mpya. Ramani ya Lutindi ichorwe upya, zote zibandikwe tena, na kwenye kona niandike "Imesahihishwa na", halafu jina langu. Yaani nikiri kosa lake kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama mdogo anasema, "Mwalimu ni mzazi wako. Mzazi hashitakiwi."

Nikamuuliza, "Na mtoto anasingiziwa?" Akaendelea kuchambua kunde.

Ramani nimeichora. Sikuweza kukataa, maana akina mama wa vijiji vipya bado wanauliza waende wapi, na wao hawakunikosea. Maduara yote ni meusi na yanalingana na ya Handeni. Kwenye kona nimeandika "Imesahihishwa na", nikaishia hapo.

Ndugu wasomaji, wengine wenu ni walimu, na wengine mna mabinti. Nishaurini, nifanye nini? Niandike jina langu ninyamaze? Au nimpelekee Mwalimu Mkuu ramani ikiwa na nafasi ile tupu, nimweleze, mwalimu wangu akiwa amesimama pale pale, ni nani aliyesema "mwachie"? Ramani iko tayari. Wino ninao.